Kuchanja

"We mama, lete mtoto! Bwana daktari anamchanja, ndui inakuja."

Askari wa Mdachi huyo, kasimama mlangoni mwa zizi la Nasieku, huko chini ya Meru, na Mzungu nyuma yake kabeba kisanduku.

Sasa Nasieku, jamani, Kiswahili alikiokota bomani, kwenye kazi za kulazimishwa. Kukata, hiyo ni majani. Kupasua, mawe. Na kuchanja ni kuni, kwa shoka.

"Anamchanja mtoto?"

"Mkono tu, mama! Wote wanachanjwa."

Nasieku akakiangalia kile kimkono kinene cha mwanawe, kimeng'ang'ania ushanga wake. Akimbilie wapi, na bunduki ile pale?

Basi akamlaza mwanawe kwenye ngozi, taratibu. Akaenda kwenye gogo la kuni, akapiga magoti, akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya gogo, akafumba macho.

"Chanja huu, baba. Ni mkubwa, utatosha."

Askari akaangua kicheko. Daktari hakucheka. Akachuchumaa, akafungua kisanduku.

Nasieku akasikia kitu kinamkwaruza mkononi, kidogo tu, kama mwiba. Akakaza meno, akaendelea kungoja shoka.