Mtu wa Misemo

Triza alirudi nyumbani mtaani Umoja na msemo mwingine, na Wasike akajua mkewe ametoka kwa yule mtu tena.

"Ukitaka kujua mtu amezeeka," Triza alisema akikatakata sukuma wiki, "usihesabu mvi zake. Hesabu anavyolalamikia chumvi." Akacheka peke yake.

"Nani amekuambia hayo?"

"Mtu fulani mwenye akili."

Heri angesema mtu mwenye gari. Mwenye gari unaweza kumwita mwizi na roho ikatulia. Mwenye akili utamwambia nini?

Mambo yalianza mwezi huo huo. Kwanza ulikuja msemo kwamba njaa ya kusikilizwa haishibi ugali. Kisha ukaja huu: mke hapungui uzuri, ni macho ya mumewe yanayozoea. Huo wa pili ulimkosesha Wasike usingizi, kwa sababu ulikuwa kweli, na kwa sababu hakuusema yeye.

Alijaribu kutunga wake. "Maisha ni kama mlango," alisema wakiwa mezani. Triza na binti yao Whitney wakasubiri. Wasike, fundi wa milango ya vyuma, akautafuta mlango huo unakoelekea, asipate. "Unafungwa," akamalizia. Triza akamwongezea ugali kama mtu anayempa mgonjwa pole.

Wivu ni ugonjwa wa ajabu. Mgonjwa hataki dawa, anataka ushahidi. Ushahidi wa Wasike ulipita mbele ya karakana yake ya Kariobangi siku ya Alhamisi, mchana kweupe, umevaa rinda la Jumapili na kubeba hotpoti ya chakula. Triza hakugeuza hata shingo. Aliingia kwenye ghorofa ya ng'ambo.

"Buda, si huyo ni bibi yako?" aliuliza Kweyu, mwenzake wa kuchomelea.

"Ni yeye. Nani anakaa hapo?"

"Kuna chumba kimechukuliwa juzi juzi, huko juu. Mwenyewe hatoki, lakini kila asubuhi nasikia akikohoa. Kikohozi kama trakta."

Wasike alisikia uchungu wa mtu aliyeonewa. Yeye, mtu wa mila. Yeye aliyemgombeza Kweyu wiki nzima kwa kumpa mama mkwe mkono kwenye matanga kule Bungoma, akamwambia mkwe hata kivuli chake hukikanyagi, na akamsimamia mpaka akatoa kondoo wa kuondoa aibu ile. Mtu anayeshika miiko hivyo ndiye wa kulipwa hivi?

Jioni hiyo alishindwa kujizuia. "Mama Whitney, kuna kitu unanificha."

Triza akaweka mwiko chini. "Kipo. Jumapili nitakuambia."

"Kwa nini si leo?"

"Nikikuambia leo, kesho hutafungua karakana."

Aliyasema kwa upole, na ni huo upole uliomchoma. Mwanamke anayekuacha kwa matusi huenda akarudi. Anayekuacha kwa upole amekwisha kufunga mizigo yake. Wasike alilala akiutazama ukuta, akijiuliza atamwambia nini Whitney.

Kesho yake hotpoti ilipopita tena, alizima mashine, akamwachia Kweyu miwani yake ya kazi, akavuka barabara. Alipanda ngazi taratibu mpaka juu. Nje ya mlango mmoja palikuwa na raba nyeusi, kubwa kuliko zake, zimekanyagwa visigino. Ndani, sauti nene iliyokwaruzwa na kikohozi, asiyoitambua, ilisema jambo polepole, na Triza akacheka kicheko ambacho Wasike alikuwa hajakisikia tangu siku za uchumba wao. Alitaka kulia kabla hajataka kupigana.

Akabisha. Kicheko kikakatika.

"Nani?" Triza aliuliza.

"Mume wako. Kama bado unaye."

Ndani kukazuka vurumai. Kiti kilianguka, kitanda kikalia, kitu kizito kikajiburura sakafuni. Triza akafungua mlango nusu na kuuziba kwa mwili wake.

"Baba Whitney, rudi chini. Nakuomba sana, usiingie humu. Huyu ni—"

"Usinitajie jina lake."

"Nisikilize kwanza. Huyu ni—"

"Nimesema sitaki kumjua jina."

Akamsukuma kando, akaingia. Mezani palikuwa na sahani mbili na paja la kuku lililoumwa mara moja. Hapakuwa na mtu. Lakini pale kitandani, chini ya shuka lililoning'inia, mguu mmoja ulikuwa haujamaliza kuingia uvunguni, mguu mpana wenye kisigino kilichojaa nyufa.

Wasike akapiga magoti, akaukamata kwa mikono miwili.

"Toka, mwanamume wewe. Toka uniambie hiyo misemo yako tukitazamana."

Akavuta. Mguu nao ukavuta kurudi, kwa nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote. Wasike akaweka goti kwenye chaga ya kitanda, akavuta tena kwa hasira ya mwezi mzima. Kilichotangulia kutoka uvunguni kilikuwa pindo la rinda la maua, kisha leso, na mkono wenye mikunjo ukiivuta leso hiyo upesi kufunika uso.

Nyuma yake Triza alikuwa ameketi sakafuni, ameyaziba macho yake kwa viganja.

"Baba Whitney," alisema, "mwachilie mama yangu."