Mumbua na Mashine Mbili

"Kalunde, hilo jiwe la kusagia unalipeleka wapi?" wanawake wa kisimani walimwuliza.

"Si jiwe. Ni taipureta," alijibu bila kusimama. Angesimama, mukwa, ule ukanda wa kubebea mzigo, ungemkata paji la uso.

Walicheka. Juma lililopita walikuwa wamemwona akipanda kilima nayo hiyo hiyo. Leo anaiteremsha.

Binti yake Mumbua alikuwa ameitwa chuo kikuu Nairobi, wa kwanza kijijini kwao, na mwalimu wake alisema huko kazi iliyochapwa kwa mashine ndiyo inayoheshimika. Kalunde akauza fahali wake. Katika duka la Kang'ethe, Makindu, mama na binti walikuta mashine mbili zilizotumika: kubwa ya ofisini, chuma kitupu, na ndogo inayoingia katika mkoba wake kama kuku katika tenga. Bei ilikuwa moja.

"Chukueni mojawapo," Kang'ethe alisema. "Isipomfaa, irudisheni tubadilishe."

Neno hilo la mwisho ndilo lililommaliza Kalunde miguu.

Walichukua ndogo. Siku chache tu baadaye, Mumbua akamwambia mama yake, "Mwaitu, hii nikiipiga kwa nguvu inaruka mezani kama panzi." Mama akairudisha, akaja na kubwa. Mumbua akaipiga, akafurahi, kisha akaanza kuitazama kwa upande. "Na hii nitaipandishaje ghorofani kule bwenini, mwaitu?"

"Ghorofa umeiona leo, baada ya mimi kubeba?"

"Niliona nguvu zako nikajisahau. Basi wacha niirudishe mwenyewe."

Hapo Kalunde akashtuka. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameona jambo. Huyo Kang'ethe, mtu wa Murang'a, mvi zimemjaa kisogoni, analala peke yake nyuma ya duka, aliwapa soda bila kuombwa. Mwenye duka hatoi soda bure. Tangu mumewe afe, Kalunde alimlea msichana huyu kwa jembe na mbaazi. Hakumlea afike mlangoni pa chuo kikuu kisha aishie kupima sukari nyuma ya kaunta ya mzee.

"Wewe utabaki hapa na jembe," alisema. "Nitaenda mimi."

"Ukitaka hivyo, mwaitu," Mumbua akasema, akainamisha kichwa.

Dukani, Kang'ethe aliipokea mashine kutoka mgongoni mwa Kalunde polepole, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

"Pole, Mama Mumbua. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

Alikaa. Miguu ilikuwa imekataa. Chai ikaja, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili.

"Mumbua hajambo?"

"Ana kazi shambani. Huku hatakuja tena."

Kang'ethe hakuonyesha huzuni yoyote, na hilo likamtia Kalunde hofu zaidi. Mwanamume mwenye subira ndiye wa kuogopwa.

"Basi utakuja wewe," akasema.

"Mimi pia siji. Hii ndiyo ya mwisho."

Haikuwa ya mwisho. Ndogo ilikuwa ikimeza karatasi. Kubwa ilikuwa na kelele, wenzake Mumbua bwenini wangemchukia. Ndogo tena, herufi A ikakwama. Kalunde alipanda na kuteremka mpaka mukwa ukamwachia mfereji kwenye paji la uso, na magoti yakawa yanalia kabla hajainuka. Safari moja alivaa leso mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imekunywa mafuta ya mashine. Safari nyingine Kang'ethe alimwuliza jina.

"Kwani Mama Mumbua si jina?"

"Hilo ni la Mumbua. Nauliza lako."

"La nini? La risiti?"

"Eeh, la risiti."

Alimwambia. Kang'ethe hakuliandika popote.

Juma la mwisho kabla ya Mumbua kusafiri, Kalunde alitoka shambani akiburuta miguu, akakuta mbuzi watatu wamefungwa uani, majike wawili na beberu. Ukambani, mbuzi watatu wa namna hiyo hawaletwi kula majani. Msichana wa nyumba hiyo ameombwa. Kivulini mwa ghala aliketi Mzee Kiilu wa kanisani, na kando yake Kang'ethe, amenyoa ndevu, amevaa koti katika jua lile.

Kalunde hakuweka jembe chini. Hata hasira alikuwa hana nguvu ya kuipandisha.

"Kang'ethe, fungua mbuzi zako uende nazo. Mtoto huyu anaenda chuo kikuu. Nimebeba chuma chako mgongoni kama punda ili yeye asikanyage dukani kwako, na bado umekuja. Huoni haya na mvi zako?"

Kang'ethe akatazama viatu vyake. Mzee Kiilu akakohoa.

"Keti, mama. Hatukuja kwako. Wewe tutakuuliza baadaye." Akamgeukia Mumbua, aliyekuwa anatoka jikoni na birika. "Mwanetu, babu yako hayupo, baba yako hayupo. Mwenye mji huu umebaki wewe. Kang'ethe anaomba umruhusu amwoe mama yako."

Mumbua aliwamiminia wageni chai kwanza, kisha mama yake, akamwongezea sukari.

"Afadhali mmekuja leo," akasema. "Nilikuwa nimeishiwa na kasoro za kuzisingizia mashine."