Springi za Kumrudisha Mama

"Uzito gani?" Pillay aliuliza kwa mara ya tatu, kalamu imesimama juu ya karatasi.

"Mama yangu tu," alijibu Mfanufikile. "Na mimi dereva."

"Mama ana kilo ngapi? Springi hazichaguliwi kwa macho, Ximba."

"Ni mwepesi."

"Wenzako wote wa Nkandla wanakuja dukani kwangu kutafuta springi za kubeba ng'ombe. Wewe ndiye wa kwanza kutaka za kubeba unyoya." Pillay alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Haya, sikiliza. Pikapu yako imeundwa kwa mizigo. Ikiwa tupu, inarusha. Zile springi ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Toa kimoja kila upande, halafu funga shokapu laini. Umewahi kuifanya kazi hii?"

"Sijawahi."

"Basi Mungu akusaidie."

Mfanufikile aliyapokea maneno yale kama baraka. Hakuwa na nyingine.

Mwezi wa pili alikuwa amempeleka mama yake hospitali Durban kwa pikapu hiyohiyo. Mama alikuwa ameanguka kisimani akavunjika nyonga. Kila shimo la barabarani lilimtoa ukelele. Walipofika daraja la Thukela hakuwa na sauti tena ya kulia nayo. Alipokuwa akishushwa kwenye machela alimshika mwanawe mkono. "Nyumbani nitarudi, baba," alisema. "Lakini usinirushe tena hivi."

Aliahidi.

Sasa ilikuwa Julai. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa na kuamua: aende kumchukua Jumamosi, yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwana wa kwanza. Pombe ilikuwa ikichachuka mitungini. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya zizi.

Jumatano alichora mpango wake nyuma ya kalenda ya kanisa: jeki hapa, mawe ya kuegemezea ekseli pale, boliti zipi zianze. Kisha alisali, sala fupi ya mtu mwenye kazi: Bwana, nishikie spana. Akaingia chini ya gari.

Dada yake, Ntombifuthi, alikaa juu ya kreti akimenya viazi.

"Wewe ndiye yule aliyetengeneza kiti cha jikoni," alisema, "kikamwangusha mchungaji?"

"Nipe mafuta ya taa."

"Tungekodi gari zuri, kaka."

"Dereva wa kukodi atawasha muziki. Atapakia na watu wengine njiani. Mama ataendaje hivyo?"

Ntombifuthi alimpa mafuta ya taa.

Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu ya miaka. Mbili zilikatika, akarudi kwa Pillay. Ngozi ya vidole ilimtoka. Alhamisi jioni alizifunga shokapu mpya, akatoa chuma kimoja kila upande, akashusha jeki. Gari lilikaa chini polepole, kama ng'ombe anayelala, na kwa dakika chache moyo wake ulitulia.

Ijumaa aliweka bakuli la maji kwenye kiti cha mbele, akaendesha hadi kwenye kona ya kanisa na kurudi. Maji yote yalikuwa sakafuni.

Akatoa chuma cha pili. Akapunguza upepo wa matairi. Akaendesha tena, pole, kama anayebeba mayai.

Ntombifuthi alichungulia ndani ya bakuli. "Nusu."

"Nusu yamebaki?"

"Nusu yamemwagika." Alimtazama kaka yake alivyochafuka. "Barabara ndiyo mbovu. Ungebadilisha barabara, siyo springi."

Mfanufikile alikaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu. Hakikubaki chuma cha kutoa. Alijaribu kusali, akakuta hana cha kuomba kilichobaki.

"Kaka," Ntombifuthi alisema taratibu, "ukiwa naye usizungumze na mtu mwingine njiani. Ukifika darajani, mwambie. Penye kona, mwambie."

"Najua."

"Akijua linalokuja, hatashtuka."

"Najua, dada."

"Na kama hataki kuja nawe?"

Tangu Februari swali hilo lilikuwa likilala naye na kuamka naye.

Jumamosi alioga kwa maji ya baridi, akavaa koti la kanisani, akaondoka alfajiri. Pikapu ilimrusha kutoka kilima hadi kilima. Kila shimo lilimwambia kwamba amefanya kazi bure, na mashimo yalikuwa mengi. Darajani Thukela alisimamisha gari akalia kidogo, kisha akaendelea.

Hospitali, nesi wa wodi ya wanawake alitazama tawi alilobeba, akaelewa, hakuuliza cheti wala saa ya kutembelea wagonjwa. Alimwongoza hadi kitanda cha nane. Kulikuwa na msichana pale, mguu umefungwa plasta.

"Samahani, mpenzi," nesi alimwambia. "Sogea kidogo tu. Kaka amekuja kumchukua mama yake."

Msichana alijivuta pembeni. Mfanufikile alipiga magoti, akalaza tawi bichi la mkunazi, la kumbebea mama, juu ya shuka lenye joto la mtu mwingine.

"Mama, ni mimi," alisema. "Mwili wako tuliuzika mwezi wa tatu, lakini roho yako ilibaki kitandani hapa. Leo nimekuja kukuchukua wewe."