Vichupa vya Gasper

Moyo wa mtu umesimama, na muuguzi anafungua kabati la viatu.

Ndivyo alivyofanya Tusekile asubuhi ile. Troli ya dawa za dharura ilikuwa pale pale ukutani, imejaa, lakini aliipita kama haioni. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akasogeza viatu vyake vya mvua, na nyuma yavyo akatoa kijiboksi kilichofungwa kwenye leso. Ndani mlikuwa na vichupa viwili vya adrenalini, dawa ya kuamsha moyo uliosimama.

“Sista, dawa!” Samwel aliita kutoka wodini. Alikuwa tabibu kijana, ana wiki tatu tu tangu ahamie kituo kile cha afya.

Mwanzoni vichupa vile vilikuwa vitano. Vitatu viliisha mwaka juzi, msimu wa kuchuma kahawa, siku nyuki walipomvamia Enesi shambani. Enesi alikuwa mdogo wake Tusekile, tumbo moja. Aliletwa moyo umeshasimama, na siku hiyo troli ilikuwa tupu. Wenzake wakaanza kumkandamiza kifua. Tusekile akavuka barabara mbio mpaka duka la dawa la Gasper, lililotazamana na geti, akanunua vitano. Akamchoma mdogo wake sindano ya kwanza, akamchoma ya pili, akamchoma ya tatu. Enesi hakutikisika hata ukope.

Dawa feki! Tusekile hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alilisema hilo msibani, akalisema kanisani, akalisema kwenye mkutano wa mtaa mbele ya Gasper mwenyewe, akimnyooshea kidole. Gasper aliapa kwa jina la mama yake kwamba dawa zake ni nzima, lakini nani amsikilize? Wakaguzi walipokuja, walikuta nusu ya mzigo wake umevushwa mpaka kutoka Nakonde, nchi ya jirani, bila risiti, na hiyo ilitosha. Duka likafungwa. Mkewe akarudi kwao Itumba na watoto. Mtu aliyekuwa akiitwa bosi Tunduma nzima akaishia kusukuma mkokoteni mpakani.

Kwa Tusekile hiyo haikuwa adhabu. Enesi alikuwa chini ya udongo, na huyu bado anakula ugali. Alivitunza vile vichupa viwili kama ushahidi, kisha, Mungu amsamehe, akaanza kuvitunza kwa siku kama hii.

Maana aliyelala kitandani asubuhi ile, shati limechanwa, midomo imegeuka rangi ya majivu, alikuwa Gasper. Alianguka juu ya mkokoteni wake kwenye foleni ya malori, bodaboda wakamkimbiza kituoni.

“Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole,” Tusekile alinong’ona, akavunja shingo ya kichupa cha kwanza.

Alivuta dawa kwenye bomba la sindano, akaiingiza kwenye mshipa wa mkono kama alivyofanya miaka yake yote kumi na moja ya kazi, akarudi nyuma hatua moja. Osea, mhudumu wa wodi, alikuwa anakandamiza kifua huku jasho likimdondoka puani. Samwel alikuwa anampulizia mgonjwa hewa.

Dakika tatu zikapita. Samwel akabonyeza vidole shingoni.

“Hakuna kitu.”

Tusekile aliona raha. Tusimpambe: aliona raha tele, mpaka akaogopa isionekane usoni. Feki, na safari hii mbele ya tabibu! Akafe na bidhaa yake.

“Ya pili, sista. Na unipe maji ya dripu, mililita ishirini.”

“Maji ya nini, dokta? Huyu haharishi.”

Hakuwa anatania. Katika kituo kile chupa za dripu zilikuja chache, na tangu zamani waliwekeana utaratibu: dripu ni ya wanaoharisha na wazazi waliopoteza damu wakijifungua. Ukimwaga hata kidogo kwa jambo lingine, utasemwa mpaka ukome.

Samwel hakubishana. Alimwachia Osea kila kitu, akavuta maji mwenyewe kutoka kwenye dripu ya kitanda cha jirani. Tusekile alipomaliza tu kuingiza kichupa cha pili, Samwel akasukuma yale maji nyuma ya dawa, kwenye mshipa ule ule, kwa nguvu, akaunyanyua mkono wa Gasper juu, ukasimama kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

“Kandamiza, Osea! Usiache!”

Osea akakandamiza. Muda si mrefu Samwel akagusa shingo tena, akamwashiria aache, akatulia kama mtu anayesikiliza mlangoni.

“Unapiga,” alisema. “Jamani, unapiga!”

Kifua cha Gasper kikapanda chenyewe, kikashuka. Akakohoa. Osea akakaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Samwel aliokota kichupa kitupu, akakisoma. “Hii si ya kwenye troli yetu. Dawa nzuri hii, umeitoa wapi?”

Tusekile alikuwa ameshika reli ya kitanda kwa mikono yote miwili.

“Ile ya kwanza ilikuwa imebaki mkononi tu,” Samwel aliendelea, akiushusha mkono wa mgonjwa polepole. “Moyo ukisimama, sista, damu inatembea kwa shida. Usipoisukuma dawa kwa maji na kuinua mkono, inalala hapo hapo, haifiki. Kwani hapa mlikuwa mnafanyaje?”

Sindano tatu zilikuwa zimeingia kwenye mkono wa Enesi, na nyuma yake halikufuata hata tone moja la maji.