Sauti ya Kwanza

Kazi ya Tausi ilikuwa kuufundisha mtambo kuwinda uongo mitandaoni. Mtambo uliufuata uvumi kinyumenyume, simu hadi simu, naye akiusaidia kwa kubonyeza: kweli, au uongo.

Wiki hiyo walifuata uvumi kumhusu Mzee Shomvi, muuza maji, kwamba kisima chake kina sumu. Maelfu waliusambaza. Wachache walimwendea na mawe, na jana usiku mzee akafa.

Alasiri mtambo ukafika kwenye chimbuko: ujumbe wa sauti katika kundi la akina mama wa mtaani. Tausi akavaa spika za masikioni.

"Jamani wenzangu, kuku wangu wawili wamekunywa maji ya Shomvi, wamekufa. Msiwape watoto. Waambieni na wengine, Mungu atawalipa." Kisha kikohozi kikavu, mara mbili.

Kikohozi kile alikijua tangu akibebwa mgongoni.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama.

"Umekula, mwanangu? Mie ndio natoka mazikoni kwa Shomvi. Mkewe hata kulia hawezi. Kuku wa jirani nao wamekufa, banda zima. Bwana mifugo kasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku."

"Pole, mama."

"Tausi... hiyo mashine yenu, inaweza kumjua aliyeanza?"

Kwenye kioo mshale ulikuwa ukipepesa kati ya vitufe viwili, kweli na uongo, na kwenye simu mama alikuwa akijizuia kukohoa.