Vyombo vya Msiba

Sufuria ilikuwa imeoshwa. Imesuguliwa kwa majivu hadi kwenye kitako, mahali ambapo masizi ya miaka yote yalikuwa yameganda. Inspekta Wilbard aliigeuza huku na huku, akainusa. Ilinukia sabuni tu.

"Nani ameosha hiki chombo?"

Wanawake waliojaa uani kwa marehemu Mzee Fanueli walitazamana. Aliyejibu ni mama yake mwenyewe, Yudith, mikono yake ikiwa ndani ya karai la povu mpaka viwikoni.

"Tumeosha sote, mwanangu. Watu wanakuja msibani. Ulitaka tuwapikie kwenye nini?"

Ukitaka kupoteza ushahidi kijijini Mhezi, huna haja ya kuhangaika. Mtu akifa tu, kabla polisi hawajapanda kutoka Same, akina mama wameshafagia, wameshaosha na wameshabandika chai. Wilbard alizaliwa hapo, alilijua hilo. Lakini huyu alikuwa mzee wa tatu tangu Pasaka, na kwa hasira alizokuwa nazo alisahau hata kumwamkia mama yake.

Wawili wa kwanza walizikwa kwa jina la presha. Kwa Fanueli aligoma, akaupeleka mwili hospitali. Majibu yalirudi baada ya siku nne: sumu ya kuulia wadudu shambani, imo ndani ya makande.

Wote watatu walikuwa wagane wanaoishi peke yao. Wote walikuwa wajumbe wa kamati ya zamani ya ndiva, lile bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yakaenda mashambani kwa zamu. Na wote walikuwa na mashamba mazuri chini yake.

"Mtu hainjiki makande kwa mgeni wa kushtukiza," Wilbard alimwambia mkuu wake wa kituo. "Mahindi na maharage yanachemka tangu asubuhi. Huyu mgeni alitoa taarifa, wakampikia, akakaa nao. Kisha akatia sumu."

Mgeni wa namna hiyo alikuwepo. Anold, dalali wa mashamba, alikuwa amewasumbua wazee hao mwaka mzima wamuuzie, na kila mmoja alionekana naye wiki aliyokufa. Polisi walipoanza kumuulizia, alizima simu na kutoweka.

Kamati ilibaki na mtu mmoja, Mzee Asheri, miaka sabini na minane, katika nyumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya katani. Wawili Wilbard aliwapoteza kwa uzembe, wa tatu kwa kuchelewa. Aliapa huyu hatakufa mikononi mwake. Jumanne asubuhi alimfuata na gari la polisi.

"Shikamoo, mzee. Chukua shuka na dawa zako, twende."

"Marahaba. Twende wapi?"

"Kwa mama. Nimeshamwambia tangu jana. Anold hana shida na mama, hana hata tuta moja chini ya ndiva."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu mumewe azame humo, Wilbard akiwa bado ananyonya, Yudith hakumwagilia hata mchicha kwa maji yale.

Mzee Asheri aliketi tena kitandani. "Kwa mama yako? Hapana, mwanangu. Nipeleke hata mahabusu."

"Mahabusu kuna kunguni, mzee."

"Afadhali hao kunguni." Alifuta macho kwa kiganja. "Mimi sistahili kula chakula cha yule mama."

Wilbard alimhurumia. Aliona ni aibu ya mzee asiyetaka kuwa mzigo kwa mtu, akamshika mkono na kumpandisha kwenye gari.

Yudith aliwapokea mlangoni, akijifuta mikono kwa khanga.

"Karibu, Asheri. Ni siku nyingi hujafika hapa."

"Miaka thelathini na minne," alisema mzee, macho chini.

Simu ya Wilbard ikaita. Anold ameonekana stendi ya Same. Mama yake hakumchelewesha. Alimkabidhi hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa.

"Chako hiki hapa, nilikuwa nimekutengea. Nenda kafanye kazi yako. Mgeni niachie mimi."

Alikula wali wake garini, kwa mkono mmoja, gari likishuka kona baada ya kona.

Saa tisa alasiri Anold alikuwa ndani, akilia na kuapa kwa majina ya watoto wake. Wilbard alitoka nje ya kituo, akaegemea ukuta na kucheka peke yake. Miezi minne hakuwa amecheka. Alimpigia mama yake.

"Mama, tumemkamata! Mwambie Mzee Asheri amepona."

Upande wa pili alisikia kuku, na maji yakimwagwa uani.

"Mama? Mzee amekula?"

"Amekula vizuri. Makande ameomba nimwongeze."

"Mpe simu basi, nimwambie mwenyewe."

"Amelala, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama kila siku. "Ameniomba msamaha juu ya baba yako, walivyomzamisha. Wale wenzake watatu hawakuniomba, walikula tu. Ila na yeye msamaha ameuomba sahani ikiwa imeshakwisha."

Wilbard alikuwa tayari anakimbilia gari.

"Usiendeshe mbio kwenye zile kona," alisema mama yake. "Vyombo nimeshaosha."