Chaji ya Kufika Tukuyu

Mlima Kitonga ndio uliomkosesha Praygod usingizi. Gari la umeme likianza kuukwea, chaji inashuka huku unaiona, na yeye hakuwa tayari kukwama katikati ya kona zile na mama mkwe kiti cha nyuma. Mama alipaswa kufika kwake Tukuyu. Hilo halikuwa na mjadala.

Alikuja Bunju kumtunza bintiye, Tupokigwe, alipojifungua. Ndiyo desturi, na Praygod alishukuru kwa moyo mweupe. Arobaini ikapita. Mtoto akaota meno, akatembea, akaanza chekechea, na bibi bado yupo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, hasha. Alikuwa mpole, mpishi hodari, na kila asubuhi alimwombea mkwewe kwa sauti. Ila mwanamume hawezi kujinyoosha kwenye kochi mbele ya mama mkwe. Praygod alikula chumbani, mpira akaangalia kwa jirani, na kaptura zake zote alishazigawa.

Amwambie aondoke? Mkwe hafukuzwi. Na hata angetaka kuondoka, angeondokaje? Siku alipokuja, harufu ya dizeli ilimtapisha toka Uyole hadi Mbezi, akaapa hatapanda tena chombo kinachotoa moshi. Habari za ndege hakutaka hata kuzisikia. Ndipo Praygod akauza gari lake, lililokuwa halina tatizo lolote, akanunua la umeme. Kazini aliwaambia anajali mazingira.

Nyumbani alitafuta lugha laini zaidi.

"Mke wangu," alimwambia Tupokigwe, "baba yuko peke yake mno kule Tukuyu. Umri ule, mtu kukaa bila mwenzake, mie naona haipendezi. Sasa gari lipo."

Tupokigwe alimtazama, machozi yakamlengalenga. "Sikujua kama unamfikiria hivyo," akasema.

Praygod akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akafungua ramani kwenye simu.

Akapanga njia. Bunju hadi Morogoro, chaji. Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni, chaji mpaka ijae pomoni, maana mbele yake ndipo Kitonga inakusubiri. Iringa walale. Halafu Makambako, halafu Mbeya, na Tukuyu hiyo hapo. Vituo vya kuchajia magari njia ile ungevitafuta kwa tochi, kwa hiyo alitegemea nyumba za wageni zenye soketi nzito, zile za majiko ya umeme. Akazipigia simu moja moja.

"Dada, hapo mna soketi ya nje?"

"Ipo, kaka. Ya kuchajia simu?"

"Ya kuchajia gari."

"Ngoja nikuitie meneja."

Meneja wa Makambako alikubali, ila Praygod ajinunulie mwenyewe umeme wa LUKU. Wa Ruaha Mbuyuni aliuliza kama gari hilo litawazimia friji la soda. Praygod alimwapia kwamba halitazima, ingawa hakuwa na hakika.

Jumamosi alipakia mifuko ya saruji kwenye buti, iwe uzito wa masanduku ya mama, akaenda kushinda anapanda na kushuka vilima vya Pugu. Watu wakamwona, wakaulizana huyu bwana anajenga wapi. Jioni alirudi na chaji ya kutosha na uso wa mtu aliyefaulu mtihani.

Kilichomgusa zaidi ni jinsi mama alivyoipokea safari. Praygod alidhani atanuna. Badala yake alikuwa akisimama mlango wa jikoni, kwa adabu yake ileile, na kuuliza maswali ya maana.

"Baba, kile kiti cha nyuma kinalala? Mtu mwenye mgongo ataweza?"

"Kinalala, mama. Safari nzima utadhani uko kitandani."

"Haya. Na Kitonga, wakati wa kurudi?"

"Kurudi ni mteremko mtupu. Gari litakuwa jepesi, tena linajichaji lenyewe." Akajuta papo hapo, maana neno jepesi lilimtoka na furaha isiyofichika.

Mama wala hakukasirika. "Mungu akuzidishie, baba," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Tupokigwe naye hakulia. Alimwita fundi akapaka rangi chumba cha stoo, akanunua neti. Praygod aliona ni namna ya mtu kupoza machungu ya kuagana. Wengine hufua mapazia. Usiku mmoja alijiuliza yeye ni mtu wa namna gani, kuuza gari zima ili bibi wa mtoto wake aende zake. Aibu ikamshika. Halafu akakumbuka kochi, ikamwachia.

Siku ya safari betri ilikuwa imejaa, na buti alikuwa amelifagia jeupe. Mama akatoka na kitenge kipya, mkobani mwake mna chupa ya chai na Biblia, basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Masanduku yako wapi niyapakie?"

"Masanduku ya nini tena, baba?" Mama aliingia kiti cha nyuma, akakilaza, akakiinua, akaridhika. "Hiyo nafasi ni ya vitu vya baba yenu. Nyumba ya kule keshaipangisha, wapangaji wanaingia Ijumaa."